Kangaga limepasua chungu, na ni zawadi ya mama mkwe

Shikamoo Bibi Shamba,

Naandika kutoka Tabata, Dar. Najua wenzangu wanakuletea matatizo ya mahindi na viwavi, mimi langu ni ua la sebuleni, naomba usinipuuze maana limeshaanza kuniletea maneno ndani ya nyumba.

Nina kangaga, lile la ndani ambalo wauza maua wa barabarani wanaliita Boston, la majani marefu yanayoning'inia pande zote. Nililetewa na mama mkwe tulipohamia hapa, alilitoa kwake Moshi akalipakata kwenye basi njia nzima likiwa dogo tu kwenye kopo la rangi, basi likashika, likakua, na saizi limekuwa kubwa mpaka linakera. Kona yote ya sebule ni lenyewe. Ukipita linakudaka gauni, mgeni akikaa kile kiti cha pembeni lazima alisogeze kwa mkono ndo aone TV.

Kiukweli lingekuwa zuri ningevumilia. Lakini tangu hili joto lianze katikati pamekufa, ukifunua yale majani ya juu unakuta vijiti vya kahawia vimesimama tupu, kijani kimebaki pembeni tu. Vijani vidogo vinapukutika kila siku, nafagia asubuhi, jioni unadhani hapajaguswa. Nikimwagilia maji yanatokea chini kwenye sahani saa hiyohiyo, juu nikigusa kukavu, nikaongeza maji, na bado ncha zinaungua. Chungu chenyewe cha plastiki kimevimba upande mmoja kimepasuka, mizizi imechungulia kwenye ufa.

Alafu kuna vitu viwili vinanitia hofu zaidi. Kimoja, limetoa nyuzi nyembamba ndefu za kijani hazina jani hata moja, zinashuka mpaka sakafuni, sijui ni mizizi au ni ugonjwa. Cha pili, nyuma ya majani kuna vidoti vya kahawia vingi. Jirani yangu kaviona akasema hao ni wadudu, nipulize dawa ya mende usiku nifunge mlango. Baba watoto anasema litolewe nje juani lijifie zake. Dada mmoja wa kwenye jumuiya yetu anasema ninunue beseni kubwa la kufulia nilihamishie lote kama lilivyo, na mwingine anasema nichukue panga nilipasue mapande. Ua la mkwe, Bibi, nilipige panga!

Na mama anakuja Pasaka. Na wifi yangu kasikia nalo akasema na yeye anataka lake. Kwa hiyo nikate nisikate? Nikikata likafa namwambia nini mama? Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo, sijui kama yanahusika. Na kuna paka ndani, huwa anayatafuna hayo majani, yasije yakamdhuru. Nilisikia pia haya maua yanasafisha hewa ya ndani, ndo maana nilikuwa nasita hata kulipunguza.

Ni mimi,
Mke wa Mtu, Tabata

---

Marahaba mwanangu, pole na ufagio.

Kabla ya yote, hiyo dawa ya mende weka chini. Makangaga ni maua yenye ngozi laini sana, dawa nyingi za kupuliza zinayaunguza majani hata zile zinazotumika salama kwenye mimea mingine, sembuse hiyo ya mende, na wewe na watoto na paka mnalala humohumo. Isitoshe, kwa jinsi ulivyoeleza sidhani kama hao ni wadudu. Chukua jani moja, ligeuze, lisogeze dirishani penye mwanga. Tazama vidoti vimekaaje. Kama vimejipanga mistari miwili, mmoja kila upande wa ule mshipa wa katikati wa kila kimoja cha vile vijani vidogo, vimelingana ukubwa, vimeachiana nafasi sawasawa utadhani vimepigwa kwa cherehani, basi hayo ni mafuko ya vumbi la uzazi. Makangaga kwa jumla hayatoi maua wala mbegu, yanazaa kwa vumbi hilo, ni dalili ya ua lililokomaa na wala halihitaji dawa. Wadudu wa magamba hawana adabu hiyo ya kupanga foleni. Wao wanajibandika popote, wengine kwenye jani wengine kwenye kile kijiti, ukikwangua kwa kucha anabanduka mmojammoja, na mara nyingi jani linakuwa linanata. Ukiwakuta hao kata jani zima ulitupe mbali, wachache waliobaki wafute na pamba yenye maji ya sabuni ya kawaida halafu suuza. Basi.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Ua lako halina ugonjwa, limejaa. Hivi ulivyonieleza, maji kupita moja kwa moja, katikati kufa, chungu kuvimba, ni mambo yanayokuja pamoja kila mara kangaga linapokaa muda mrefu kwenye chungu kimoja. Hili ua linatanukia nje, machipukizi mapya yanatoka pembeni, yale ya zamani ya katikati yanazeeka yanabanwa yanakauka. Huku chini mizizi imekula nafasi yote, udongo umekwisha, limebaki bonge la mizizi tupu. Bonge hilo likishakauka mara moja halinywi tena kirahisi, maji yanateremka kwenye ule upenyo kati ya bonge na chungu yanatokea kwenye sahani, katikati hakujalowa hata tone. Ndo maana unamwagilia na linakufa kiu. Ukiongeza maji unaongeza ya kwenye sahani tu, na yakituama huko ile mizizi ya chini inaoza, unakuwa na ua limekauka juu limeoza chini kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo huyo aliyesema panga ndo aliye sahihi, ingawa mimi panga silipendi kwa kazi hii, nitakwambia cha kutumia. Ushauri wa beseni ndo ninaoupinga kabisa, na najua wengi wanaufanya wakidhani wanaliwekea ua heshima. Ukilihamishia beseni lote kama lilivyo, yale mafu ya katikati yanabaki pale pale, upara haujazi. Na udongo mwingi mpya unaozunguka bonge unashika maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kunywa, unachacha. Chungu kipya cha kangaga kizidi bonge kwa vidole viwili hivi kila upande, siyo zaidi.

Lini? Usifanye wiki hii. Dar na hili joto la Februari ukilikata unalitesa, na kipupwe nacho, Juni mpaka Agosti, hewa ni kavu na ua limepoa, halina haraka ya kuota. Subiri mvua za masika zianze, Machi kuelekea Aprili, hewa ikiwa na unyevu na jua limefunikwa na mawingu. Ukikosa hapo ni vuli, Oktoba, Novemba. Mpaka masika ifike mpe huduma ya kwanza: litoe kwenye sahani, chovya chungu chote ndani ya ndoo ya maji mpaka juu ya udongo, utaona mapovu yanapanda, ni hewa inatoka kwenye bonge. Liache mpaka mapovu yaishe kabisa, ndo utajua na katikati kumelowa. Linyanyue, lichuruzike, lirudishe mahali pake. Ukifanya hivyo badala ya kumwaga kwa juu utaona tofauti hata kabla hujalikata.

Siku ya kukata, jana yake lilowanishe vizuri. Tandika gunia au turubai barazani, maana utachafua. Anza na mkasi, kata yale majani yote yaliyokufa mpaka chini kabisa, usiache vigutu, na hata ya kijani yaliyo marefu kupita kiasi yapunguze bila huruma. Mizizi utaipunguza, kwa hiyo haitaweza kulisha majani yote hayo, ukiyaachia yatapukutika yenyewe tu na utaingiwa na hofu bure. Kisha lipindue, mtu mmoja akushikie majani kwa mikono miwili, wewe gonga gonga chungu. Likikataa, usilivute majani, na chungu chenyewe kimeshapasuka hakina thamani, kikate kwa kisu ukibandue. Hapo utaona bonge limeshikana kama zulia la makumbi, limechukua umbo la chungu mpaka ile mistari ya pembeni.

Hapa ndo panga linaponishinda, panga linaponda. Chukua kisu kirefu chenye meno, cha kukatia mkate, au msumeno mdogo wa mbao, ufute kwanza na spiriti ili usije ukapeleka magonjwa kwenye kidonda. Kata toka juu kwenda chini katikati, kwa kupeleka na kurudisha, kisha kila nusu ikate tena. Utasikia inakatika kwa mlio wa kamba, mizizi itararuka, usiogope. Ukishapata robo nne angalia kila moja: upande wa nje una vichwa vya machipukizi, vile vidogo vimejikunja na vina manyoya ya kahawia, upande wa ndani ni ule upara. Upande wa upara ukate kabisa uutupe shimoni uoze uwe mbolea. Kipande cha kupanda kibaki na vichwa kadhaa vilivyo hai na mizizi ya kuvilisha, ukubwa wa nazi iliyofuliwa unatosha. Vipande vidogo zaidi ya ngumi vinapona lakini vinachukua muda, na wewe unaharakishwa na Pasaka. Ile mizizi iliyojizungusha chini ikate nayo, robo ya urefu hivi, na pembeni ichambue kwa vidole ilegee, vinginevyo itaendelea kujisokota humohumo hata ukiipa udongo mpya. Ukikuta kwenye mizizi vidude vya mviringo vyenye manyoya, saizi ya zabibu, basi ua lako si Boston halisi, ni ndugu yake anayeweka maji akiba kwenye hivyo vidude, matunzo ni yaleyale, usivitoe.

Udongo. Usichukue ule wa uani mtupu, unashikana. Mimi nachanganya udongo mweusi wenye majani yaliyooza sehemu mbili, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu moja, na pumba za mpunga zilizochomwa au mchanga sehemu moja. Mchanga uwe wa mto, wa pwani una chumvi usiusogeze. Makumbi nayo yaloweke kwanza umwage maji mara mbili tatu, nayo hubeba chumvi. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri weka viganja viwili tu. Chungu kiwe na matundu ya kweli chini, siyo yale ya alama alama ambayo hayajatobolewa, kagua dukani kabla hujalipa. Wakati wa kupanda kitu kimoja zingatia: kile kichwa kinachotoa majani kikae usawa wa udongo, ukikifukia kinaoza. Shindilia kwa vidole tu, mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Wiki mbili tatu za mwanzo vitaonekana vibaya. Majani yatanyauka, mengine yatadondoka, na baba watoto atasema nilikwambia. Vumilia. Viweke pamoja mahali penye mwanga lakini pasipo jua, hata bafuni penye dirisha panafaa sana kwa sababu ya ule mvuke, udongo uwe mbichi bila kutota, na mbolea ya dukani usiguse mpaka uone vichipukizi vipya vimeanza kujikunjua, mwezi au zaidi. Baada ya hapo ndo unaweza kutoa mbolea ya maji mara moja kwa mwezi, nusu ya kipimo kilichoandikwa. Wanaozidisha ndo hao ncha za majani zinaungua wanalaumu jua.

Na chumvi, ndiyo, inahusika, na nashukuru umeisema mwenyewe maana watu wa Dar wengi wanasahau. Maji ya kisima ya chumvichumvi yanajikusanya kwenye udongo kila ukimwagilia, ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye kingo za chungu ndo huo. Kangaga halivumilii. Kinga maji ya mvua masika yote, weka kwenye madumu yenye kifuniko usije ukafuga mbu, ndo umwagilie hayo. Yakiisha na huna budi kutumia ya kisima, mara moja kwa mwezi chukua maji yoyote matamu uliyoyapata, hata ya boza, umwage mengi yapite mpaka chini yafue ile chumvi. Kule Moshi lilikotoka halikuwa na shida hii, na hewa ya mlimani ni ya baridi na unyevu, makangaga yanaota yenyewe kwenye mitaro chini ya migomba bila mtu kuyagusa. Kwako liweke dirisha la mashariki, jua la asubuhi kidogo halina neno, na kama mna AC au feni lisikae kwenye njia ya upepo wake. Kulitoa nje juani kama anavyotaka baba watoto ni kulichoma, halafu mwambie na yeye afagie.

Zile nyuzi sasa. Hizo ndo bahati yako. Ni kamba za uzazi, zinatambaa zikitafuta udongo, zikigusa zinatoa mizizi na kimche kinainuka hapohapo. Leo hii, bila kusubiri masika, chukua makopo mawili matatu, jaza ule udongo niliokwambia, yaweke chini ya ua, laza kila uzi juu ya udongo uubane kwa pini ya nywele, usiufukie, nyunyizia maji udongo usikauke. Kimche kikishapata majani yake matatu manne na ukikivuta kidogo kinashikilia, kata uzi. Hicho mpe wifi. Kukata mapande na kulaza nyuzi ndo njia za uhakika kwa Boston, lile vumbi lake kwa kawaida halioti, kwa hiyo usihangaike kulikusanya. Hata hili aina ya Boston lenyewe inasemekana liligunduliwa 1894 likiwa moja tu lililojibadili ndani ya shehena ya makangaga yaliyokuwa yanatoka Philadelphia kwenda Boston kule Marekani, na tangu hapo limesambaa kwa kugawanywa, kipande kwa kipande. Kwa maana hiyo lile la mama lilikuwa kipande cha mwenzie, na lako litakuwa hivyohivyo.

Ndo maana kuhusu mama mkwe sioni kesi. Mpigie sasa hivi, usisubiri aje akute vyungu vinne badala ya kimoja. Mwambie mama ua lako limekua limejaa chungu, nataka kuligawa masika hii, unanishauri nini. Mtu aliyeotesha maua Moshi miaka yote anajua kangaga hugawanywa, huenda hilo alilokuletea alilikata kwenye la kwake, na ukimuuliza kabla unakuwa umeomba ruhusa na umempa heshima yake kwa simu moja. Kama anakuja Pasaka na mvua zimechelewa, basi subiri mlikate pamoja, yeye ashike majani wewe kisu. Atalala anafurahi. Na kama anataka kurudi na kipande nyumbani, mfungie kile chenye vichwa vingi zaidi, mizizi izungushie gazeti lililoloweshwa halafu mfuko wa plastiki mgumu, majani yaache wazi, Moshi kitafika salama.

Paka hana shida, kangaga hili si sumu kwake wala kwa mbwa, akila mengi atatapika tu achafue zulia. Hakikisha ni hili kweli na siyo ule mmea unaoitwa kangaga la asparaga wenye majani kama sindano laini na vitunda vyekundu, huo si kangaga kabisa na matunda yake yanaudhi tumbo la paka. Ya kusafisha hewa hayo yametokana na majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya 1989 ambako mimea iliwekwa kwenye maboksi yaliyofungwa kabisa, ndani ya nyumba yenye madirisha na milango inayofunguliwa hata ujaze sebule yote hutapata hewa tofauti na ya kufungua dirisha. Kwa hiyo lipunguze bila wasiwasi.

Vipande vinne, kimoja cha mama, kimoja chako, viwili vya ziada. Viwili hivyo usivigawe mpaka vitoe majani mapya, vikae kama akiba endapo kimoja kitagoma. Vikishika vyote, chungu kizuri cha kangaga lililojaa kinauzika, waulize hao wauza maua wa barabarani wananunua bei gani, na usikubali bei ya kwanza.

Bibi Shamba